Mwalimu wa Angani Katikati ya Majani Chai

Tulifika Keroka kabla jua halijachomoza, tukiwa tumetoka Mombasa kwa gari-moshi hadi Nairobi, na kutoka hapo kwa matatu kupitia Narok, Bomet na Sotik. Baridi ilitupokea kwa ukali ambao buibui na leso mbili hazikuweza kuuzuia. Keroka ni mji uliokaa mpakani, upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira, na alfajiri ile akina mama wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kupanga mikungu ya ndizi kando ya barabara. Tulikuwa watatu: sisi mume na mke, pamoja na binti wa ndugu yetu, ambaye ndiye aliyetutoa kwetu.

Wengi huenda Gusii kwa ajili ya vinyago vya mawe vya Tabaka. Sisi, msomaji atuwie radhi, tulikwenda kumtafutia binti mwalimu wa kuruka kwa mwavuli.

Mchezo huu si mgeni pwani. Kule Diani, katika kaunti ya Kwale, kampuni ya Skydive Diani huwapandisha watu kwa ndege na kuwaachia juu ya bahari, wakatua mchangani mbele ya hoteli. Binti yetu alianza kwa kutazama, akaishia kujifunza. Mama yake alipoliona vazi lenyewe, linalofunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni, na mtandio ukiwa umebanwa chini ya kofia ngumu, alinyamaza. Baba yake alikubali shingo upande. Tulidhani akipata leseni ya kwanza, ambayo kwa kanuni za chama cha Marekani humtaka mtu awe ameruka si chini ya mara 25, kiu itakwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilianza. Alitaka kuruka na wenzake na kuunda maumbo angani.

Kazi hiyo ni ya ajabu. Watu wanne hutoka ndegeni kwa pamoja, wakaanguka kifudifudi kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, wakashikana mikono na miguu wakafanya umbo, wakaachana, wakafanya jingine. Katika mashindano ya wanne hupewa sekunde 35 tu tangu watoke mlangoni, na mtu wa tano huruka nao akiwapiga picha ili waamuzi wahesabu maumbo. Wanawake wana mashindano yao wenyewe. Mwaka 2006 watu 400 walishikana katika anga ya Thailand, na mwaka 2009 wanawake 181 walifanya hivyo California, katika harambee ya kupambana na saratani ya matiti.

Binti yetu hakufika hata kwa wanne. Alipokuwa safarini ng'ambo alikaribishwa katika kundi dogo. Yeye ni mwepesi, kwa hiyo wenzake walitangulia chini naye akabaki akielea juu yao. Kwa haraka ya kuwafikia alijitupa kichwa chini, akampiga mwenzake begani, na umbo zima likasambaratika. Hakuna aliyeumia zaidi ya mdomo uliopasuka, nao ulikuwa wake. Aliambiwa akae kando mpaka apate kocha. Alirudi nyumbani hasemi. Baba yake akasema basi, yatosha. Baada ya siku nyingi za kubembelezwa alilegeza neno moja: tulikuwa tumesikia habari za mzee wa Nyamira, mstaafu wa jeshi aliyewahi kuwafundisha askari kuruka. "Huyo akisema hafai, ataacha."

Kutoka Keroka barabara hupanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Majani chai yamefunika kila mteremko, yamekatwa sawasawa hata mtu hudhani anaweza kuyatembelea juu. Nyamira humkumbuka Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Ukiziona njia za hapa, huulizi mapafu yale yalipatikana wapi.

Mke wa mzee alituandalia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ambayo uchungu wake ulitushtua kwanza, kisha ukatufanya tuongeze. Mzee alisikiliza kisa chote bila kukatiza. Hakuuliza binti ameruka mara ngapi. Aliuliza uzito wake.

"Mwanangu, wewe ni unyoya," akasema. "Vaa mkanda wa risasi kiunoni, na vazi linalobana. Na wenzako usiwaangukie kutoka juu. Shuka kando yao, ulingane nao, ndipo ukaribie."

Kisha akatutoa uani, na sisi tulioletwa kusindikiza tukageuzwa wanafunzi. Waruka kwa maumbo wote hufanya hivi, hurudia chini kila hatua watakayoifanya juu. Mjukuu wake akawa wa kwanza, sisi wawili wa pili na wa tatu, tumeinama, tumeshikana mikono ya nguo kwenye nyasi zenye umande. Binti alitakiwa aje, asimame hatua moja kabla, amtazame mwenzake machoni, ndipo anyooshe mkono. Alirudia hata tukaacha kuhesabu. Viuno vyetu vinalikumbuka somo lile hadi leo.

"Mnaachana kimo gani?" mzee akauliza ghafla.

"Futi 4,500."

"Na ikiwa mmoja bado amekung'ang'ania?"

Binti akasita. Mzee hakumsaidia. Mwishowe akajibu kwamba atajitoa, ageuke, akimbie mbali na wenzake kabla ya kufungua mwavuli. "Fanya," mzee akasema, naye akafanya mara nyingi kuliko yale mengine yote.

Tulipomwuliza kama Nyamira ingeweza kuwa na uwanja wa mchezo huu, alicheka akatuonyesha vilima: kila pahali ni chai ya mtu, au migomba, au paa. Juu ya hayo, hewa ya nyanda hizi ni nyepesi na mwavuli hutua kwa kasi zaidi. Wala hakujifanya kocha wa maumbo. "Jeshini tuliruka ili tutue pamoja, si ili tushikane." Alimwelekeza atafute mwalimu anayeruka naye bega kwa bega, akampiga picha, na akakaa naye chini kuitazama. Akamtajia pia mahandaki ya upepo ya Dubai na Abu Dhabi, ambako mtu huelea ndani ya jengo. Kuanguka kwa mruko mmoja ni kama dakika moja tu. Dakika kumi za handaki ni miruko kumi. Tunao jamaa huko wa kumpokea, ingawa bei ya dakika hizo itatunyima usingizi.

Jioni mvua ikiwa imepita, mzee aliomba simu azungumze na baba. Walisemezana kwa muda mrefu, zaidi yeye akisikiliza. Hatimaye akampa binti simu, naye akaenda nayo mbali kidogo, kwenye ukingo wa chai. Tulimsikia akijibu jambo moja mara mbili: "Elfu nne na mia tano, baba. Ndiyo. Hata kama hawajaniachia."