Mwese asubuhi: Pikipiki imegoma kuwaka, mgonjwa anasubiri

Ukitoka Mpanda mjini kwenda Mwese kwa pikipiki, ngozi ndiyo inayotangulia kujua kwamba umepanda. Mpanda unaiacha na joto lake na vumbi lake. Baadaye vilima vinaanza kufungana, miombo inakuwa mirefu, na upepo unapenya kwenye mikono ya shati. Abiria wanaoijua njia hutoa makoti mapema. Wageni, kama nilivyokuwa mimi mwezi Julai, hujikunyata nyuma ya dereva.

Mwese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kwenye nyanda za juu upande wa Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda waliletwa kuanza maisha hapa, wakafyeka na kulima. Mwese pia ni miongoni mwa vijiji vinavyolinda msitu wa milima ya Ntakata, wanakoishi sokwe, na kulipwa fedha za biashara ya kaboni. Ni nchi nzuri kwa macho. Alfajiri ya kipupwe, ukungu unapolala mabondeni, ni nchi ya meno kugongana.

Nilikwenda kuuliza habari za wajawazito na watoto wachanga. Nikajikuta nazungumza zaidi na madereva wa bodaboda, kwa sababu kila mama aliyenieleza safari yake ya usiku kwenda kituo cha afya alimtaja dereva kabla ya kumtaja mkunga.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya wajawazito hutokana na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katika semina za afya, kuchelewa kufika hujadiliwa kwa habari za barabara na umbali. Mwese, saa kumi na moja alfajiri, kuchelewa huko kunaweza kuwa mtu anayepiga kiki mara thelathini uani huku mtoto anatetemeka kwa degedege ndani.

Pikipiki nyingi za bodaboda bado zinatumia kabureta, na kabureta haipendi baridi. Petroli haiungui ikiwa maji maji. Lazima kwanza igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Baridi ikizidi, mvuke unakuwa kidogo, na injini inavuta hewa tupu. Ndiyo maana kuna choki, kile kijiti kilicho pembeni mwa kabureta au kwenye usukani. Ukiikaba, hewa inapungua na mafuta yanaongezeka, basi mchanganyiko unatosha kushika moto.

Dereva mmoja wa makamo, ambaye vijana wa kijiwe humpelekea pikipiki zilizogoma, alinionyesha anavyofanya. Alifungua koki ya mafuta, akasubiri kidogo kabureta ijae. Akakaba choki yote. Swichi ikiwa bado imezimwa, akasukuma kiki taratibu mara tatu ili injini inyonye mafuta. Ndipo akawasha swichi na kupiga kiki moja ya nguvu, bila kugusa resi. Ikawaka. Baada ya kama dakika moja akaiachia choki nusu, na injini ilipotulia akaiachia yote.

“Vijana wanapiga resi kabla haijawaka, dada,” aliniambia. “Wanaikaba kwa mafuta, halafu wanasema baridi.”

Pikipiki iliyojaa mafuta unaijua kwa harufu ya petroli na plagi iliyolowa. Hapo choki haisaidii tena. Iachie, fungua resi yote ili hewa iingie kwa wingi, piga kiki mara kadhaa. Ikikataa, toa plagi, ifute na uikaushe. Mafundi husoma plagi kama sisi tunavyosoma kipimajoto: rangi ya kahawia ni afya, masizi meusi makavu ni mafuta mengi au chujio la hewa lililojaa vumbi, weupe ni mafuta kidogo. Ikiwa pikipiki inakubali choki tu na kuzima kila ukiiachia hata baada ya kupata moto, usimlaumu Julai. Mara nyingi kile kitundu chembamba cha kabureta kinachopitisha mafuta ya sailensa kimeziba, na hiyo ni kazi ya fundi mchana, siyo ya usiku wa dharura.

Mafuta yenyewe yana kesi yake. Vijijini yanauzwa kwa chupa na madumu, na dumu lisilofungwa vizuri huingiza maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, mahali hasa ambapo kabureta inavuta. Mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha, iache itulie. Ukiona tabaka mbili, umepata jibu. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kutolea uchafu huo. Kuna pia uchakachuaji. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachanganyaji, lakini kipimo cha mkaguzi hakifiki kwenye kila chupa ya barabarani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nzito kugeuka mvuke, kwa hiyo mchana wa Mpanda inaweza kukuficha, na alfajiri ya Mwese ikakuumbua.

Sasa niseme na wazazi, kwa sababu kilichonitia hofu zaidi Mwese hakikuwa kiki.

Pikipiki nyingi hulala ndani, kwa kuogopa wezi na kwa kuikinga na umande. Hilo naelewa. Lakini kuiwasha humo humo sebuleni na kuiacha ipashe moto, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili, ni hatari kubwa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Mtoto, na mimba iliyo tumboni, huumia haraka zaidi. Choki ikiwa imekabwa, injini inatoa hewa hiyo kwa wingi kuliko kawaida. Isukume nje kwanza, mbali na dirisha, ndipo upige kiki. Kama watu wa nyumba moja wanaamka wote na kichwa kinauma, watoeni nje mara moja na muende kituo cha afya.

Chupa ya petroli nayo ni chupa ya maji machoni mwa mtoto wa miaka miwili. Iwekwe juu, ndani ya kitu chenye kufuli, isiwe ya soda wala ya maji. Mtoto akinywa, msimtapishe. Petroli inayorudi juu huingia kwenye mapafu na kuyaunguza, na hapo ndipo maisha hupotea. Msimpe maziwa ili atapike. Mpelekeni hospitali na chupa yenyewe. Akigusa bomba la moshi lililopata moto, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga viacheni jikoni. Na wale wanaopasha kabureta kwa kijinga cha moto, niliambiwa wapo, sina maneno ya upole kwao.

Simsifii mtu kumpakia mwenye uchungu kwenye pikipiki. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikisambaza nchini mpango wa m-mama: ukipiga 115, bila malipo, usiku au mchana, mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Pigeni mapema, dalili zikianza, msingoje mpaka chupa ivunjike. Lakini mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege hayumo katika mpango huo, na kwa wengi milimani usafiri wake ni ile pikipiki ya jirani.

Kliniki nilimkuta mama mmoja aliyebakiza wiki chache kujifungua. Nyuma ya kadi yake alikuwa ameandika 115, na chini yake namba za madereva watatu, ya kwanza ikiwa imepigiwa mstari. Nikamuuliza huyo ni ndugu yake?

“Hapana,” akasema. “Yeye anaiwasha kila alfajiri aende shambani. Naisikia nikiwa kitandani. Haizidi kiki mbili.”