Mvua Haileti Kwaya

Kosa langu la kwanza lilinigharimu faranga 45,000. La pili halikunigharimu hata senti, na ndilo linaloniuma. Nayaeleza yote mawili kwa sababu najua wapo watu, saa hii, wanaozunguka maduka ya Quartier Matheus, Kigali, wakitafuta kifaa kile kile nilichonunua mimi.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kimisagara, upande wa mlimani, pale ambapo bati la jirani wa chini liko usawa wa kizingiti chako. Kuta zilikuwa za rukarakara, matofali ya udongo yaliyopigwa plasta ya saruji. Ukiigusa kwa drili, plasta inabanduka vipande vikubwa kama sahani, na mwenye nyumba alikwisha kunionya: kuta zake hazitobolewi. Sebuleni kulikuwa na televisheni, dekoda na waya mmoja kutoka kwenye dishi. Kisha mama mkwe akaja kukaa nasi. Tukampa chumba cha nyuma na televisheni ndogo ya zamani. Ilikosa picha tu.

Ningeweza kumwita fundi. Sikumwita. Nilikuwa nimetazama video mbili kwenye simu, nikajiona nimehitimu. Nikanunua kifaa cha kurusha picha bila waya: kisanduku kimoja huchomekwa nyuma ya dekoda kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, na cha pili hukaa chumba kingine kupokea. Kuna pia kijicho kidogo kinachobandikwa mbele ya dekoda, ili aliye chumbani akibonyeza rimoti, amri isafiri mpaka sebuleni. Baada ya nusu saa picha ilionekana chumba cha nyuma. Nilimwita mke wangu aje aone. Niliwaita na majirani.

Dalili zilikuwepo. Kuanzia wiki ya kwanza, kila televisheni ya chumbani ikiwashwa, intaneti ya shemeji yangu ilisuasua. Kifaa changu kilitumia masafa ya gigahazi 2.4, yale yale ya Wi-Fi yetu, na vyote viwili vikawa vinapigana vikumbo. Nilimwambia anunue bando kubwa zaidi.

Lakini kosa lenyewe halikuwa la masafa. Dishi linaleta stesheni chungu nzima. Dekoda inachagua moja na kuigeuza picha. Mimi nilichukua hiyo moja iliyokwisha kuchaguliwa, nikaipeleka vyumba viwili, nikadhani nimegawa televisheni. Nilichogawa ni rimoti.

Hilo nililijua Jumapili, tarehe 18 Desemba 2022. Fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa, ilianza saa kumi na moja jioni kwa saa za Kigali, na sebule yangu ilijaa hadi mlangoni. Argentina walikuwa mbele 2-0, na mashabiki wa Ufaransa walishaanza kutafuta viatu vyao. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, refa akaonyesha penalti. Mbappé akauweka mpira chini.

Kioo kikawa cheusi. Halafu ikaja kwaya. Akina mama wa majoho ya zambarau, wanayumba pamoja, sauti ikiwa juu kabisa kwa sababu tulikuwa tumeiongeza kwa ajili ya mpira.

Rimoti yetu ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa. Nikatazama dekoda. Kijitaa chekundu cha kile kijicho kilikuwa kinapepesa. Kinapepesa, kinapumzika, kinapepesa tena. Hapo nikaelewa. Wiki zote zile mama mkwe alitazama chochote kilichokuwepo, akidhani televisheni ile ndivyo ilivyo. Mchana ule mjukuu wake alikuwa amemfundisha namba za rimoti, naye sasa anatafuta kwaya yake ya Jumapili. Ilikuwa haki yake. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kujiuliza swali jepesi kuliko yote: wawili wakitaka vitu tofauti kwa wakati mmoja, itakuwaje?

Nikarudisha mpira. Akarudisha kwaya. Tukavutana hivyo, na picha ilipotulia ubao ulisoma 2-2. Mbappé alikuwa amefunga penalti dakika ya 80 na bao jingine dakika ya 81. Tuliyaona kwa marudio.

"Ni mvua," nikasema. "Wingu likikaa juu ya Mlima Kigali, dishi linasumbua." Huo ulikuwa uongo wenye ukweli ndani yake. Mvua kubwa kweli hudhoofisha mawimbi ya dishi. Lakini jirani mmoja, dereva wa malori ya njia ya Dar es Salaam, alinitazama kwa huruma.

"Bwana, mvua inakata picha. Mvua haileti kwaya."

Wakacheka. Wakati huo mama mkwe akatokea mlangoni, ameshika rimoti kwa mikono miwili. Akauliza kama ni yeye aliyeharibu.

"Labda umebonyeza vibaya, mama," nikamwambia.

Alikuwa amebonyeza sawasawa. Aliwaomba radhi wageni wote. Nilimwacha aombe.

Mwezi uliofuata nilimwita fundi. Hakutoboa ukuta hata mmoja. Alibadilisha LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, akaweka chenye matundu mawili, akapitisha waya wa pili chini ya bati, juu ya dari, akaushusha pembeni mwa chumba. Mita 15 za waya, faranga 6,000. Dekoda ya pili ndiyo iliyouma. Nilimuuliza kwa nini tusiugawe waya uliopo kwa kigawanyio cha antena. Akanieleza kwamba dekoda huiagiza LNB kwa umeme mdogo: volti 13 ikitaka mawimbi ya wima, 18 ikitaka ya mlalo. Ukizifunga mbili kwenye waya mmoja, ya 18 inashinda na mwenzake anabaki gizani. Kumbe ningebuni ugomvi mwingine.

Kama nyumbani kwako wote mnatazama kitu kimoja, kile kisanduku kinatosha, na vipo vya gigahazi 5.8 ambavyo haviisumbui Wi-Fi ya 2.4. Uliza kwanza, ununue baadaye.

Siku ya kumpelekea mama mkwe rimoti mpya ndipo nilipoiona ya zamani. Ilikuwa kando ya mto wake. Betri zilikuwa zimetolewa na kufungwa fundo kwenye kitambaa, ili asije akaharibu tena. Tangu fainali ile hakuwa amebadili stesheni hata mara moja.

Nikakaa. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba nililijua tangu jioni ile ile.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza nani alishinda.

"Argentina, mama. Walitoka sare 3-3, wakashinda kwa penalti 4-2."

"Kumbe mlipata muda wa kutosha," akasema, akaanza kulifungua fundo.