Mechi Isiyosimama kwa Adhana

Hapa Karatu, mtu akitaja mpira siku hizi, sharti aulizwe ni mpira upi. Upo ule wa uwanjani, wenye vumbi jekundu lisilotoka kwenye soksi. Na upo ule wa kwenye kioo, unaochezwa kwa padi katika vibanda vya gemu, au kwa vidole gumba juu ya simu. Huu wa pili ndio uliofikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu, na wazazi wakatutaka tuseme neno. Tumewasikiliza wazazi, tumewasikiliza vijana, na tumemsikiliza mwenye kibanda. Tumeona neno hilo tuliandike hapa, kwa kuwa jambo lenyewe haliishii Karatu.

Tuanze kwa insafu. Uislamu haukuja kuua michezo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), na alihimiza kulenga shabaha. Wala haifai kusema kwamba kila anayeshika padi amepotea. Wapo madereva wa watalii katika jumuiya yetu ambao, wakirejea nyumbani baada ya siku tano au sita za Ngorongoro na Serengeti, hukaa na wana wao wakacheza mechi mbili tatu na kucheka pamoja. Nyumba ambayo baba haonekani kwa siku nyingi haiwezi kukidharau kicheko cha namna hiyo.

Kwa hiyo lawama yetu haiuelekei mpira, wala haikielekei kioo. Inaelekea namna michezo hii ya kushindana mtandaoni ilivyoundwa: inavyochukua muda, inavyochukua fedha, na inavyoufundisha ulimi.

Tukianza na muda, mtoto anayecheza dhidi ya mashine anaweza kuusimamisha mchezo, akaswali, akarudi. Anayecheza mtandaoni dhidi ya mtu aliye mji mwingine hana ruhusa hiyo. Akiondoka huhesabiwa amefungwa. Adhana ya Magharibi ikimkuta katikati ya kipindi cha pili, huyo yuko katika mtihani ambao hakuwekewa na mzazi wala mwalimu, na wakati wa Magharibi, kama tujuavyo, ni mfupi.

Wengi wanaujua mchezo wa FIFA, ambao tangu Septemba 2023 unaitwa EA Sports FC. Mwaka 2016 uliletwa humo ushindani wa mwisho wa juma, unaoanza Ijumaa, ambapo waliofuzu walipewa mechi 40. Mechi moja huwa na dakika 12 za kuchezwa. Zidisha kwa 40, utapata saa nane kamili, kabla ya kuhesabu kusubiri mpinzani na kutazama marudio ya mabao. Wachezaji wenyewe wa nchi za nje walilalamika kwamba ule si mchezo tena bali kibarua, na baadaye mechi zikapunguzwa hadi 30. Ikiwa watu wazima wenye kipato chao waliulalamikia mzigo huo, mtoto wa madrasa ataubebaje?

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo penye uzito. Mchezo wa eFootball, uliokuwa ukijulikana kwa jina la PES, tangu mwaka 2021 hutolewa bure. Mzazi akisikia neno bure hutulia. Lakini kilicho bure ni mlango. Biashara iko ndani. Mchezaji hutafuta sarafu za mchezo, kwa kucheza sana au kwa kulipa fedha halisi, kisha huzitumia kubahatisha wachezaji wa kikosi chake. Katika FIFA mtindo huu ulianza mwaka 2009: unanunua pakiti iliyofungwa, huenda ikamtoa nyota wa Ulaya, na mara nyingi humtoa mtu usiyemhitaji. Mwaka unaofuata toleo jipya likitoka, kikosi ulichokikusanya hakihami nawe, unaanza upya.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza vitunguu vya Mang'ola, aliona salio la simu yake likipungua kidogo kidogo. Mwanawe, kijana wa miaka 14, ndiye humsomea ujumbe wa miamala, kwa hiyo namba ya siri alikuwa nayo. Fedha alikuwa akimtumia kijana mwingine anayewauzia wenzake sarafu za mchezo mmojawapo. Mama huyo hakuja kwetu kudai chochote. Alikuja na swali: "Mwanangu amecheza kamari, au amenunua kitu?"

Swali hilo limewashughulisha watu wenye serikali na mahakama. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo zikilipiwa kwa fedha ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuziuza fedha za mchezo wake nchini humo. Uholanzi nayo iliitoza kampuni hiyo faini, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ikaifuta. Majirani wawili, hukumu mbili.

Sisi tunayo mizani yetu. Kamari imekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ikatajwa pamoja na ulevi. Na katika fiqhi ya biashara upo mlango wa gharari, yaani mauzo ya kisichojulikana. Mifano yake mashuhuri ni samaki aliyeko majini na ndege aliyeko angani. Pakiti iliyofungwa haiko mbali na samaki huyo.

Tulipoyasema haya katika darsa, kijana mmoja, mtoto wa dereva, aliinua mkono. "Ustadh," alisema, "mgeni analipa pale lango la Lodoare, anateremka kreta kumtafuta faru, na pengine anarudi bila kumwona. Naye kacheza kamari?" Darsa zima lilicheka, nasi tulifurahi, kwa sababu hilo ni swali la mtu anayefikiri. Tulimjibu kwamba mgeni yule hakuuziwa faru. Ameuziwa kuingia, gari, dereva na siku yake ya kutazama, na hivyo vyote amevipata. Dereva mwaminifu hamuahidi faru. Pakiti haina kingine cha kuuza isipokuwa kile kilichofichwa ndani yake. Tangu mwaka 2018 FIFA ilianza kuonyesha asilimia ya uwezekano wa kumpata mchezaji wa daraja fulani. Huo ni ukweli unaofaa kujulikana, lakini kuitangaza bahati hakuigeuzi kuwa bidhaa.

Kwa mama yule, imamu alijibu kwa upole. Jambo lenyewe linafanana mno na kamari, na Muislamu anaamrishwa kujiepusha na yenye shaka; na juu ya hilo, fedha ilichukuliwa bila idhini, nayo ni haki ya mja, sharti irudishwe. Kijana huyo sasa humsaidia mama kupanga na kubeba magunia siku za mnada, na sehemu ya ujira wake inalipa deni.

Ipo na kamari ya karibu zaidi, isiyohitaji hata intaneti. Katika vibanda vingi vijana wawili hukodi mechi kwa makubaliano kwamba anayefungwa analipia wote. Wazazi wengi huliona jambo dogo, kwa kuwa ni shilingi chache. Lakini tazameni umbo lake: wawili wameweka mali rehani, mmoja ataondoka amecheza bure kwa mali ya mwenziwe. Udogo wa fedha haulibadilishi umbo hilo. Duka la kubeti humkataza aliye chini ya miaka 18. Mtoto wa miaka 10 akianza na "anayefungwa analipa", amekwishafundishwa somo kabla ya kufika kwenye duka hilo.

La tatu ni ulimi. Mpinzani wa uwanjani ana uso. Ukimtukana utakutana naye sokoni. Wa mtandaoni hana uso, na matusi humtoka mtu kwa wepesi. Tena mara nyingi aliyefungwa husema gemu imemwonea. Huko Marekani, mwaka 2020, wachezaji walifungua kesi wakidai kwamba mchezo huongeza ugumu kwa siri ili watu wanunue. Kampuni ilikana, na mwaka 2021 walalamikaji wakaiondoa kesi. Mtoto anayezoea kusingizia mashine kila anaposhindwa, kesho atamsingizia mwalimu, na keshokutwa mwenzi wake wa ndoa.

Baadhi ya wazee walitaka kibanda kifungwe. Hatukuliunga mkono hilo. Mwenye kibanda ni ndugu yetu, tunasimama naye safu moja, na vijana wakifukuzwa pale simu wanazo mifukoni. Tulimwomba mambo matatu: asipokee watoto saa za shule na madrasa, ianzapo adhana asianzishe mechi mpya, na kila mmoja alipe sehemu yake kabla ya kuanza. Mawili ya mwanzo aliyakubali siku ile ile. La tatu alilisitia. "Mimi nakodisha muda," alisema, "wanavyolipana ni juu yao." Tulimkumbusha kuhusu kusaidiana katika dhambi, akanyamaza, akaomba wiki mbili za kufikiri. Zilipokwisha alibandika karatasi ukutani kwamba kila mchezaji hulipa chake kwanza. Wateja kadhaa wamemhama, naye ametuambia hivyo bila kutulaumu. Jumuiya inayomtaka mtu apate hasara kwa ajili ya watoto wake inawajibika kumtazama katika riziki yake. Hilo tumeliweka katika ajenda ya kikao kijacho.

Nanyi ndugu wazazi, badilisheni namba zenu za siri leo. Ulizeni mchezo anaoucheza mtoto unauza nini ndani yake. Mwekeeni mechi zenye kwisha kabla ya adhana. Na baba anayerudi kutoka safari, akiweza, akae naye kwenye padi kwanza, kisha amshike mkono waende pamoja msikitini.

Wabillahi tawfiiq.