Picha ya Giza

Mtu akitazama picha ya nebula ya Orioni, na mawingu yake mekundu yaliyotanda kama yamechorwa, hudhani mpigaji alibonyeza kitufe mara moja akaenda kulala. Kumbe picha hiyo moja ni mkusanyiko wa picha nyingi, na baadhi yake hazina kitu ndani: zimepigwa makusudi darubini ikiwa na mfuniko, ili kamera itazame giza tupu. Tangu nianze kuunganisha kamera ya dijitali na darubini, hakuna jambo lililonifikirisha kuhusu watu, nami nikiwamo, kama hizo picha za giza.

Sisi wa Dodoma tumejaliwa anga. Oktoba, kabla ya mvua, nebula ya Orioni huchomoza kabla ya usiku wa manane, na ikikaribia saa kumi na nusu alfajiri iko utosini. Taabu yetu ni kwamba ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, na hapo hakuna nyota kubwa ya kukuelekeza. Stendi ya mota inayofuata mzunguko wa dunia huna budi kuinyoosha kuelekea ncha hiyo kwa kutazama nyota inavyoteleza, urekebishe, utazame tena.

Mwaka 1880 Henry Draper, daktari wa Marekani, alikuwa mtu wa kwanza kupiga picha ya nebula, na nebula yenyewe ilikuwa hiyo hiyo. Bamba lake moja lilipokea nuru kwa dakika 51 mfululizo. Kazi ya namna hiyo ikitikisika karibu na mwisho, bamba zima limekwenda. Kamera ya dijitali imetupunguzia adhabu hiyo: saa nzima tunaikata vipande vya dakika mbili mbili, kipande kilichoharibiwa na upepo au setilaiti tunakitupa, vilivyobaki tunavipanga juu ya vingine kwa programu ya kompyuta.

Kupanga huko kunasaidia kwa sababu nuru iliyosafiri takriban miaka 1,300 hutufikia kwa uchache, na kila picha moja imejaa chenga. Lakini chenga hazina msimamo. Hapa zinaongeza, pale zinapunguza, picha inayofuata zimehama. Ukikusanya picha 4, chenga zinapungua hadi nusu zikilinganishwa na nuru. Ukikusanya 100, zinabaki moja ya kumi. Nebula iko pale pale kila mara, kwa hiyo inazidi kujitokeza. Wengi wetu tunaishi kwa imani hiyo: rudia, rudia tena, ukweli utajichuja wenyewe.

Imani hiyo ina mpaka. Ndani ya kamera kuna pikseli zinazowaka bila kuguswa na nuru yoyote, na huwaka mahali pale pale katika kila picha. Marudio hayazifuti. Yanazijenga sawasawa na yanavyoijenga nebula, mpaka zinang'aa kama nyota. Fundi cherehani ambaye futi yake imekatika ncha anaweza kupima nguo mara kumi, na mara zote kumi vipimo vikapatana. Kupatana kwao hakumsaidii mteja.

Ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno la mtu anayesema ana uzoefu wa miaka thelathini. Huenda miaka hiyo imemsafisha. Huenda pia imeikomaza kasoro yake hadi yeye mwenyewe anaiona kuwa ni hekima. Kosa la bahati mbaya hulainishwa na marudio. Kosa la tabia hunoneshwa nayo. Kwa nje yanafanana, na hesabu ya miaka haiwezi kuyatenganisha.

Kinachoyatenganisha ni giza. Unaweka mfuniko, unapiga picha kwa muda ule ule uliotumia kwa nyota. Chochote kitakachoonekana hakikutoka angani. Ni cha kamera, nawe unakitoa katika picha ya kweli. Binadamu naye ana giza lake. Ukiamka na hasira kabla hujaonana na mtu, hasira hiyo si ya jirani utakayemkuta mlangoni. Ukimshuku mgeni kabla hajafungua kinywa, shaka hiyo umekuja nayo mwenyewe. Saa hizo ambazo hakuna wa kulaumiwa ndizo za kujisoma.

Kuna sharti moja: joto liwe lile lile. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, uchafu huo wa kamera huongezeka karibu maradufu, kwa hiyo picha ya giza iliyopigwa kwenye baridi haifai kusahihisha picha za usiku wa joto. Anayejipima akiwa ameshiba na ametulia atajiona mpole. Ajipime akiwa na deni, akiwa amechoka, watoto wanalia.

Ipo dawa nyingine. Kati ya picha na picha tunaisogeza darubini kidogo sana. Nyota zikipangwa upya juu ya nyota, zile pikseli korofi huangukia mahali tofauti tofauti. Kosa lililoganda linageuka chenga, na chenga dawa yake tunaijua.

Hapo navikumbuka vikao vya ukoo. Utasikia mzee akisema, "Tumekaa mara tatu, na mara zote tumefika hapo hapo." Kwa heshima zote, wazee wangu, tulikaa watu wale wale, tuliolelewa nyumba moja, tukiongea upande mmoja wa jambo. Tulipiga picha tatu bila kusogeza darubini. Kikao cha nne kimuite mkwe aliyeolewa kwetu, ambaye huwa anapika wakati sisi tunaamua. Kimuite na kijana aliyehamia mjini. Wakifika hapo hapo nao, nitaamini kwamba tulichokiona kipo. Wakifika kwingine, tusikimbilie kusema wamepotea. Kwanza tutazame ni kipi kati ya tulivyoviona kilikuwa chetu tangu mwanzo.