Kukaza Springi si Kuongeza Nguvu

Wasee, mwezi uliopita niliangusha mathe kwenye mtaro. Mathe wangu mwenyewe. Wacha niwaambie ilivyoenda, juu najua wengi wenu mnaendesha nduthi yenye shida hiyo hiyo.

Tangu niache chuo mwaka wa pili, mimi hufanya mambo mawili: kurekodi video, na kumpeleka mathe soko ya Khayega na nduthi ya binamu yangu. Siku hiyo tulikuwa tunarudi upande wa Shinyalu, mathe nyuma yangu, gunia la viazi nyuma yake. Ningeweza kwenda mara mbili, lakini nilitaka aone kijana wake aliyeacha masomo anaweza kubeba kila kitu.

Kila shimo, nyuma inagonga ko! Mbele imekuwa nyepesi, taa inamulika matawi ya miti badala ya barabara. Kufika kwa kona, nikapinda usukani, nduthi ikaenda tu moja kwa moja. Mathe akateguka mkono. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, pole." Afadhali angenichapa.

Fundi wa kwanza alikaza springi za nyuma hadi mwisho, akachukua pesa yake. Kesho yake, nikiwa peke yangu, ilikuwa inanirusha kama punda.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa Lurambi, hakushika spana. Alitoa futi. Akaweka nduthi kwa stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likaning'inia, akapima kutoka ekseli hadi alama aliyochora chini ya kiti. Kisha akaishusha, nikakaa, akapima tena. Tofauti ya hivyo vipimo viwili ndiyo kiasi nyuma inazama.

Gurudumu la nduthi yetu linaweza kupanda kama sentimita 10. Mzee anasema ukishakaa, izame karibu robo hadi theluthi ya hiyo, yaani sentimita 2.5 hadi 3.5. Ikizama zaidi, shimo likija hakuna nafasi imebaki. Ikizama kidogo sana, gurudumu linarukaruka badala ya kushika barabara.

Chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi. Yetu ina tano. Tulipima:

Ngazi ya kwanza: mimi peke yangu 3, na mathe 5, na gunia 8.
Ngazi ya tano: mimi peke yangu 1, na mathe 3, na gunia 6.

Angalia vizuri. Mathe anaongeza 2 kwa ngazi zote mbili. Gunia linaongeza 3 kwa zote mbili. Springi ni ile ile! "Kijana," mzee akaniambia, "ukikaza hujaipa nguvu. Umeinua kiti tu."

Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Nilikuwa natafuta spana ya kuniruhusu kubeba mzigo ambao nduthi haiwezi. Na nyinyi mnaokaza hadi mwisho ndio mbebe abiria watatu, mnajidanganya vile vile. Sheria ya Kenya inasema abiria mmoja, na springi pia inasema hivyo.

Sasa nikiwa peke yangu ni ngazi ya kwanza. Na mathe ni ya nne, tunazama 3.5. Nazungusha pande zote mbili sawa, halafu naangalia cheni, juu nyuma ikipanda au ikishuka, ulegevu wake unabadilika.

Juzi mkono umepona, mathe akapanda tena. Akaangalia nyuma, akauliza, "Na gunia?"

"Nitalirudia, mama."

Akanishika kiuno, tukaenda. Wewe yako inazama ngapi? Tafuta futi leo.