Zamu Zisizo na Mwenyewe

Nilikuwa mkunga kwa miaka kadhaa kabla sijawa kiongozi wa mtu yeyote. Kazi ya mikono niliipenda tangu chuoni: kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kujaza patografu (chati ya mwenendo wa uchungu), kujua wakati wa kusubiri na wakati wa kumwita daktari. Mwaka 2009, katika hospitali moja ya wilaya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Muuguzi Mkuu aliniita ofisini akanikabidhi barua ya kuniteua kuwa mfawidhi wa wodi ya wazazi, pamoja na funguo za kabati la dawa na stoo. Hapakuwa na kozi wala kitini. Nimefanya kazi katika vituo mbalimbali tangu hapo, na utaratibu niliouona ni huohuo: muuguzi akifanya kazi yake vizuri, anapewa kusimamia kazi ya wenzake, na inachukuliwa kwamba anayejua kuzalisha anajua na kuongoza.

Bahati yangu ni kwamba Muuguzi Mkuu yule alikuwa mwalimu. Mama wa makamo, mpole, asiyepaza sauti hata siku ya vurugu. Nilipopokea barua aliniambia, "Mwanangu, kuanzia leo usihesabu watoto uliowazalisha wewe. Hesabu zamu zilizopita salama ukiwa nyumbani umelala."

Baadaye niligundua kwamba wazo hilo lina umri mkubwa katika taaluma yetu. Florence Nightingale, ambaye wauguzi duniani kote tunaikumbuka siku yake ya kuzaliwa kila tarehe 12 Mei, alitenga sura nzima ya kitabu chake cha mwaka 1859 kuzungumzia mambo madogo ya usimamizi. Hoja yake ni kwamba uuguzi mzuri huharibika pale ambapo yanayofanyika muuguzi akiwepo hayafanyiki akiondoka. Kwake yeye, kuwa na dhamana si kufanya kila kitu kwa mkono wako. Ni kuhakikisha kinafanyika hata usipokuwepo. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini mama yule alinizuia kukimbilia kila kitanda.

Somo la kwanza lilikuwa ratiba ya zamu, ambayo sisi tunaiita rosta. Niliikuta wodi ina manung'uniko ya muda mrefu kuhusu karatasi hiyo. Ilikuwa inaandikwa mwisho wa mwezi, inakaa kwenye droo, na aliyetaka kujua zamu yake alikwenda kuuliza. Vijana walilalamika kwamba usiku ni wao na sikukuu ni zao. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi za miezi iliyopita.

Muuguzi Mkuu aliniketisha na kalamu ya risasi tukapiga hesabu. Zamu ni tatu kwa siku. Tukitaka wakunga wawili kila zamu, hiyo ni nafasi sita kwa siku, na nafasi 42 kwa wiki. Mkunga mmoja akifanya zamu tano kwa wiki, nafasi hizo zinahitaji watu tisa, na hapo hakuna aliye likizo, hakuna anayeuguliwa, hakuna aliyefiwa. Sisi hatukufika tisa. Hesabu ile ilinifundisha kitu ambacho hasira haifundishi: sehemu kubwa ya ugomvi wa wodini ilikuwa uhaba wa watu, ila kwa kuwa haukuandikwa popote, kila mmoja aliuona kama chuki ya mwenzake. Nilipoibandika hesabu ukutani kando ya rosta, maneno yalipungua. Na nilipokwenda kuomba watumishi, nilikwenda na karatasi yenye namba badala ya malalamiko.

Kisha Muuguzi Mkuu akanipa kusoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mfawidhi wa wodi ya wazazi anaongoza wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa, na sheria ile inawahusu moja kwa moja. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Mtu apumzike angalau saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi. Mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe yake ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku. Mambo hayo yalikuwa yanatolewa wodini kama fadhila, kwa anayeelewana na kiongozi. Nilipoyaandika juu ya rosta kama kanuni, yaliacha kuwa fadhila.

Kubadilishana zamu niliruhusu, kwa sharti moja: wote wawili waandike kwenye daftari na kutia sahihi kabla ya siku yenyewe. Msiba hauna taarifa, na mtoto akiugua hana taarifa. Hayo tuliyabeba pamoja. Lakini sikukuu zilikuwa na mzunguko unaojulikana. Aliyefanya kazi Krismasi mwaka huu, mwakani yuko nyumbani. Juu ya hapo, kwa kubadilishana, Waislamu walichukua zamu za Krismasi, Wakristo wakachukua za Idi, na jambo hilo walilipanga wao wenyewe mara walipoona karatasi iko wazi.

Gumu zaidi lilikuwa la umri. Katika wodi ile alikuwepo mkunga mkongwe aliyenifundisha nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Kwa desturi ya wodi hakupangwa usiku, na hakuna aliyethubutu kuligusa jambo hilo. Sikumwandikia barua, wala sikumtumia mtu. Nilimfuata baada ya zamu, chumba cha kubadilishia nguo, nikaanza pale mtoto wa watu anapotakiwa kuanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na daftari."

"Ndiyo, mama. Nimekuja na jambo la kazi. Rosta ya mwezi ujao ina usiku kwa kila mtu, na wewe umo. Nimeona usiisome ukutani kabla sijakwambia."

Alikaa kimya, akikunja aproni yake. "Na magoti haya?"

"Utakuwa na kijana wa kukimbia. Ninachotaka ni macho yako. Usiku ndipo tunapopotewa na watu."

Alinyamaza tena, kisha akasema, "Basi nipange na yule mgeni. Bado anaogopa damu."

Nilijifunza siku ile kwamba heshima na mamlaka havigombani, mradi heshima itangulie na jambo la kazi lisifichwe. Kumwamkia mkubwa hakupunguzi cheo cha mtu. Kumkwepa mkubwa ndiko kunakokipunguza, kwa sababu wodi nzima inaona.

Njia hiyohiyo niliitumia katika kuonya. Mkunga mmoja kijana alikuwa anachelewa zamu ya asubuhi. Wenzake walitaka nimseme mbele ya watu ili liwe fundisho. Nilimwita stoo, tukiwa wawili, nikamwonyesha kitabu cha mahudhurio, nikamuuliza nini kinatokea asubuhi. Alikuwa ananyonyesha, na msichana wa kazi alikuwa anafika kwa kuchelewa. Tulimhamishia zamu ya mchana kwa muda na kumpa saa zake za kunyonyesha kwa mujibu wa sheria. Kuchelewa kuliisha. Tangu hapo nimeshika kanuni tatu: onya faraghani, anza na kilichoandikwa, na uliza kabla ya kuhukumu. Sifa nazo nimezipeleka upande wa pili: msifu mtu hadharani, na utaje hasa alichofanya. "Umefanya vizuri" haimwambii mtu arudie nini. "Jana uliona mkojo haujatoka tangu alfajiri ukauliza" inamwambia, na inawaambia wote waliosikia.

Kama ningeambiwa nichague sehemu moja ya siku ambayo kiongozi wa wodi lazima awepo, ningechagua saa 1:30 asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu. Zamani ripoti ilisomwa ofisini, watu wakiwa wamechoka na wengine wakivaa viatu vya kurudi nyumbani. Tuliihamishia kitandani. Anayeondoka na anayeingia wanasimama pamoja kwa mama mwenyewe. Namkumbuka mama mmoja, kitanda namba 4: mimba ya tatu, njia sentimita 6 alipopimwa saa 11 alfajiri, chupa ilipasuka saa 9 usiku, mapigo ya moyo wa mtoto 140. Anayeingia alisoma patografu, akashika tumbo, akasikiliza mapigo mwenyewe, kisha akauliza swali ambalo ofisini halikuwahi kuulizwa: "Anapimwa tena saa ngapi?" Jibu lilikuwa saa 3, kwa kuwa njia hupimwa kila baada ya saa nne. Liliandikwa, likatiwa sahihi na wote wawili. Mama alisikia kila kitu. Ilipofika saa 3, yeye ndiye aliyetukumbusha.

Ripoti inapotolewa hivyo, kazi haipotei katikati ya watu wawili. Madhara mengi ya wodi ya wazazi hutokea hapo katikati, wakati kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya.

Kitu kingine kilichonijenga ni mpango wa 5S wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, ambao Wizara ya Afya iliuanzisha kwa msaada wa Japani kupitia shirika lake la JICA. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya iliingia mapema, mwaka 2007, na mfano ulitoka katika hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, nchini Sri Lanka. Hatua zake sisi tunazijua kwa kuziimba: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwetu tulianza na trei ya dharura ya kutokwa damu baada ya kujifungua. Tuliondoa vilivyoharibika na visivyohusika, tukapanga kanula, dripu, katheta, glovu na misoprostoli, kila kimoja mahali pake penye lebo. Oksitosini ilibaki kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na joto liliandikwa asubuhi na jioni. Kila zamu iliikagua trei na kutia sahihi. Mama anapotoka damu hakuna muda wa kuuliza nani ana ufunguo.

Hatua nne za kwanza zinawezekana kwa juma moja la bidii. Ya tano, shikilia, ndiyo kazi halisi ya kiongozi. Wodi ikishapendeza, picha zikishapigwa, wageni wakishaondoka, anabaki mfawidhi na karatasi ya ukaguzi. Nilikuwa naikagua trei siku ambazo hakuna anayenitazamia, kwa sababu watu hufuata kile kiongozi anachokiangalia kuliko kile anachokihubiri.

Halafu kuna tathmini. Utumishi wa umma ulianza kutumia mfumo wa wazi wa tathmini, MWAMTUKA, uliofahamika zaidi kama OPRAS, mwaka 2004. Mwezi Julai mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo, katikati ya mwaka wakayapitia, na Juni wakatoa alama. Mahali pengi fomu zilijazwa kwa siku moja, mwishoni, ili faili lisiwe tupu. Mimi niliitumia kama nafasi pekee ya mwaka ambapo mtumishi anakaa na kiongozi wake bila kelele za wodi. Niliwauliza mambo mawili: unataka kujua kufanya nini ambacho hukijui leo, na nini kinakuzuia kufanya kazi yako vizuri? Kwa swali la kwanza mkunga mmoja alipata kufundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua. Kwa swali la pili tulipata balbu ya chumba cha kuzalishia, ambayo watu walikuwa wameizoea ikiwa imeungua. Sasa, tangu mwaka 2023, fomu zile zimeachia nafasi mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Ni jambo jema, lakini kompyuta haitakaa na mtu kumuuliza kinachomkwaza.

Wasimamizi wa hospitali, mameneja na waganga wakuu wa wilaya, nawaomba jambo moja. Msimteue mtu leo akaanza kesho. Mpeni muda wa kukaa na mfawidhi mzoefu, apige hesabu ya zamu, asome sheria, ajifunze kuonya na kusikiliza. Stadi hizi hazitoki kwenye vipawa vya kuzaliwa. Mimi nilifundishwa na mtu aliyekuwa na subira, na kila muuguzi anayepewa dhamana anastahili mwalimu wa namna hiyo.

Na wewe uliyepewa wodi juzi, anza na rosta. Ipange kwa haki, ibandike kila mtu aione, na uwe wa kwanza kuifuata.