Kusogeza Nyayo

Sisi wakazi wa Moi's Bridge hatuna ukumbi wa bolingi. Tuna mahindi, mto Nzoia na tope la msimu wa mvua. Hata hivyo, mchezo huo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini 10 ndio ulionipatanisha na binti yangu.

Likizo ya Agosti tulimzuru ami yake Nairobi, naye akatupeleka ukumbini. Binti yangu, mwenye miaka 15, alianza vyema. Baada ya saa moja tufe likawa lakata kushoto kila mara. Akaongeza nguvu, likazidi kupotea. Nikamkaripia, kama nilivyomkaripia mwaka mzima juu ya masomo na juu ya kimya chake. Akanipa mgongo.

Mama mmoja mhudumu alitukaribia akatueleza. Njia ile ina urefu wa futi 60 hadi pini ya mbele, na yapata futi 40 za mwanzo hupakwa mafuta ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Penye mafuta tufe huteleza. Pakavu hushika sakafu, likapinda. Kila tufe lipitalo huyapunguza mafuta na kuyasukuma mbele, basi njia hubadilika ingawa machoni ni ile ile.

"Usilazimishe mkono, mwanangu," akamwambia. "Likienda kushoto, sogeza miguu kushoto kidogo, jicho libaki kwenye mshale ule ule."

Akasogea mbao mbili. Pini zikaanguka.

Nikakumbuka mwaka nilioolewa, nilipofika kutoka Mombasa na makubadhi yangu, nikaanguka topeni njiani kwenda shambani. Mavyaa hakunicheka. Alinishika mkono akasema, "Tope halishindwi kwa nguvu. Tazama pa kukanyaga."

Mimi niliyefunzwa hivyo nilikuwa nikimlea msichana wa miaka 15 kana kwamba ni mtoto wa miaka 7.

Usiku ule sikumwuliza alama zake. Nilikaa kando ya kitanda, nikanyamaza. Baada ya kitambo akasema, "Mama, hesabu zimenishinda tangu muhula wa kwanza. Niliogopa kukwambia."

Lengo langu ni lile lile: asome, awe na adabu. Ila sasa, kila jioni, nasukuma chapati huku daftari lake li wazi mezani, na yeye ndiye anayeanza mazungumzo.